Benki Ilichukua Taarifa Zangu Bila Ruhusa, Nikadai Haki Yangu

Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Mwanza. Ninaishi Columbus, jimbo la Ohio, ninakofanya kazi ya kuhudumia wazee. Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya Waswahili wenzangu walioko Marekani, hasa wale wanaoamini kwamba mgeni hana ubavu wa kuidai benki haki yake.

Huku mtu hupimwa kwa alama za mikopo, ambazo kwa kawaida huanzia 300 hadi 850. Ukitaka kupanga nyumba au kukopa gari, alama hizo hutangulia kukusemea. Kampuni tatu, Equifax, Experian na TransUnion, ndizo zinazotunza taarifa za mikopo za kila mtu. Kila unapoomba mkopo, mkopeshaji huchukua taarifa zako, na jambo hilo hubaki limeandikwa kwa miaka miwili. Likitokea mara moja, alama hushuka kidogo tu. Likijirudia, unaonekana mtu anayehaha kutafuta fedha.

Nilijinyima kwa miaka ili ninunue nyumba. Nilipopeleka maombi, afisa wa mikopo akaniuliza kwa nini nimeomba kadi za mkopo mara kwa mara katika benki moja. Sikuwa nimeomba hata moja. Katika benki hiyo nilikuwa na akaunti ya akiba tu.

Nilikwenda tawini, nikaambiwa bila shaka nilitia sahihi nikasahau. Nilipopiga simu, nilirushwa kutoka idara moja hadi nyingine. Kuitwa mwongo juu ya jina langu mwenyewe kuliniuma kuliko kuchelewa kwa nyumba. Nililia, nikamwomba Mungu anifungulie njia.

Njia ilifunguka kupitia dada mmoja wa kanisani anayefanya kazi katika ofisi ya msaada wa kisheria. Alinieleza kuwa sheria ya mwaka 1970, Fair Credit Reporting Act, inakataza yeyote kuchukua taarifa za mtu bila sababu inayotambuliwa kisheria. Akanisihi niache simu, niandike. Niliiandikia benki barua ya rejista nikitaka kuona ombi lenye sahihi yangu. Niliziandikia pia zile kampuni tatu, ambazo kwa kawaida hutakiwa kuchunguza malalamiko ndani ya siku 30. Kisha nikapeleka shauri CFPB, shirika la serikali kuu linalolinda wateja wa huduma za fedha. Mwaka 2022 shirika hilo liliitoza U.S. Bank faini ya dola milioni 37.5 kwa kuchukua taarifa za wateja na kuwafungulia akaunti bila idhini. Benki yangu ilikuwa nyingine, lakini habari hiyo ilinitia moyo: kumbe sikuwa peke yangu, na kumbe benki hushtakika.

Sahihi yangu haikupatikana. Benki ilikiri kwa maandishi kwamba sikuidhinisha maombi yale, na yote yakafutwa. Leo tunaishi katika nyumba yetu, na ninamshukuru Mungu.

Ndugu yangu, kagua taarifa zako bila malipo katika AnnualCreditReport.com. Ukiona jina la mkopeshaji usilolijua, zifunge taarifa hizo zisichukuliwe na mkopeshaji mpya. Tangu 2018 huduma hiyo ni bure nchi nzima. Andika barua, tunza nakala, wala usikubali kunyamazishwa. Sheria inakulinda hata wewe mgeni.