Kikapu cha Jioni: Supamaketi ya Tokyo kwa Macho ya Familia ya Kiislamu



Mgeni anayetaka kuujua mji, na aende sokoni wanakonunua akina mama. Majumba ya kale yatamweleza jinsi wenyeji walivyokuwa; soko litamweleza wanachokula leo, wanachokithamini, na kadiri wanavyoaminiana. Sisi tulikaa Tokyo siku kumi katika mwezi wa Novemba, familia mbili za Mombasa zenye watoto watano, na mahali tulipopazuru kuliko pote ni supamaketi ya mtaani. Tulikuwa na jiko dogo katika nyumba tuliyoipanga, na tulikuwa na sharti letu lisilo na majadiliano: kinachoingia jikoni kiwe halali. Tunayaandika haya kwa ajili ya familia zinazokwenda huko kwa masomo, kazi au matembezi, na pia kwa zile zisizotoka Pwani, kwani tuliyojifunza kule yanatuhusu hata hapa.

Mtaa wetu ulikuwa Yoyogi-Uehara, mwendo mfupi kutoka Tokyo Camii. Msikiti huo ulijengwa mara ya kwanza mwaka 1938 kwa juhudi za Waislamu wa Kitatari waliohama kutoka Urusi, na jengo la sasa, lenye kuba na mnara wa mtindo wa Kiothmani, lilifunguliwa mwaka 2000. Mwezi wa Novemba magharibi huingia mnamo saa kumi na nusu jioni, na isha mnamo saa kumi na mbili. Kwa hiyo tulikuwa tukiswali, kisha tukashika njia ya supamaketi wakati ambapo wafanyakazi wa maofisini nao wanateremka kwenye treni na kupitia chakula cha usiku.

Mlangoni: mboga na matunda

Jambo la kwanza kulitambua ni utulivu. Kila kitu kimepangwa kwa safu, kimefungwa, na kimebandikwa bei. Hapana kupigiwa kelele, wala kuongezewa kidogo kama tufanyiwavyo Marikiti na muuza mchicha aliyetuzoea. Sheria ya Japani inataka mboga na matunda mabichi yatajwe yalikotoka: ya nchini hutajwa mkoa, na ya kigeni hutajwa nchi. Figili nyeupe ndefu kama mkono wa mtu mzima, uyoga wa namna nyingi, kabichi zinazouzwa nusu nusu kwa ajili ya nyumba zenye watu wachache, vyote vina ushahidi wa kwao. Ndizi nyingi hutoka Ufilipino, nazo hufungwa katika mifuko ya plastiki, ndizi nne au tano pamoja. Watoto wetu, waliozoea kuona mkungu mzima, walizitazama kwa huruma.

Novemba ni msimu wa machenza na wa tunda liitwalo kaki, lenye umbo la nyanya na rangi ya chungwa bivu. Lakini kilichotupendeza kuliko vyote kilikuwa karibu na mlango: mashine ya kuchomea viazi vitamu. Huchomwa polepole na ganda lake, ndani kikalainika na kuwa kitamu kana kwamba kimepikwa kwa asali. Mnunuzi hujichagulia, hukitia katika mfuko wa karatasi, naye huondoka na moto wake mkononi. Hakina kiungo wala mafuta, hakina neno la kusoma. Kwa familia ya Kiislamu iliyochoka na njaa ya safari, kiazi kile ni neema.

Upande wa samaki

Mtu wa Pwani akifika kwenye samaki hujiona yu kwao. Jodari mwekundu amekatwa vipande sawasawa. Wapo samaki wa jamii ya vibua, wapo ngisi na kamba. Kila kisahani kimeandikwa kama samaki huyo ni wa kuliwa mbichi au ni wa kupikwa, na tofauti hiyo haipuuzwi. Pweza huuzwa akiwa amekwisha kuchemshwa, mwekundu kama zambarau iliyoanza kuiva, na mara nyingi kibandiko husema ametoka Mauritania au Morocco. Mtoto mmoja alipoelezwa Mauritania iko wapi, aliuliza, "Mama, kwa hivyo huyu pweza ni Mwafrika kama sisi?" Tulimnunua pweza yule, na kwa kuwa tulikuwa na pakiti ya nazi tuliyoifunga sandukuni tangu Mombasa, tulikula pweza wa nazi usiku ule na wali wa Kijapani unaonatana.

Hata hivyo upande huu una mitego yake. Kando ya samaki mtupu huwekwa samaki aliyerowekwa. Yupo aliyerowekwa katika masimbi ya pombe ya mchele, aina iitwayo kasuzuke, na yupo wa miso iliyotiwa mirin. Kwa macho wote ni samaki tu. Aidha, samaki salmoni kwa Kijapani huitwa sake, na pombe ya mchele nayo huitwa sake. Masikio ya mgeni huona taabu kuzitenganisha. Maandishi ndiyo yanayozitenganisha wazi. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba katika duka hili kazi yetu kubwa itakuwa kusoma.

Vyakula vilivyopikwa tayari

Nyuma ya duka kuna sehemu iitwayo sozai, yaani vitoweo vilivyopikwa tayari. Harufu yake humvuta mtu kabla hajaiona. Kuna tempura ya mboga na kamba, kuku wa kukaanga, korokke ambazo ni ndugu wa kababu zetu za viazi, saladi ya viazi, mayai ya kukunjwa, sushi, tonge za wali zilizofungwa kwa mwani, na bento, kisanduku chenye mlo mzima wa mtu mmoja. Kadiri usiku unavyoingia, mfanyakazi hupita akibandika punguzo: kwanza asilimia chache, mwishowe nusu ya bei. Wanunuzi huwa wanamtazama kwa pembe ya jicho, lakini hapana anayemsukuma mwenziwe. Chakula kilichopikwa leo hakitakiwi kilale.

Kwetu Pwani nako twanunua chakula kilichopikwa: viazi karai, bajia, mahamri ya asubuhi, sambusa za Ramadhani. Twala bila kuuliza kwa sababu twaujua mkono uliopika. Kule hatukuujua mkono wala desturi yake. Kuku yule wa kukaanga hakuchinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, na kwa kawaida hurowekwa kwa sosi ya soya na pombe ya kupikia. Korokke ya viazi huwa na nyama ya kusaga. Ile ya boga isiyo na nyama yaweza kukaangwa katika mafuta yaliyokaangiwa nguruwe. Saladi ya viazi aghalabu ina vipande vya nyama ya nguruwe. Mchuzi wa tempura na mayai ya kukunjwa mara nyingi hutiwa mirin.

Mirin hii yahitaji maelezo, kwa kuwa wengi huambiwa ni kiungo tu cha utamu. Mirin halisi ina kiasi cha asilimia 14 ya kileo. Tangu Oktoba 2019 Japani hutoza kodi ya asilimia 8 kwa chakula na asilimia 10 kwa bidhaa nyingine, ikiwemo pombe. Na mirin halisi hutozwa asilimia 10, kwa kuwa sheria yao wenyewe inaihesabu kuwa pombe. Ile ya kuigiza, yenye kileo kisichofika asilimia 1, hutozwa kama chakula. Serikali isiyo ya Kiislamu imekwisha kuitofautisha. Hatuna sababu ya sisi kuona haya kuuliza.

Kibandiko ni shahidi wa alichoulizwa

Dada mmoja mzaliwa wa Lamu, aliyekaa Japani miaka mingi, alitufunza kusoma. Alituandikia herufi mbili kwenye kikaratasi: 豚, nguruwe, na 酒, pombe. "Zishikeni hizi kwanza," alisema, "mengine yatafuata." Viungo huorodheshwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, kisha huja mkwaju, na baada yake vitu vya kuongezwa kama vile rangi na vihifadhi. Mwishoni, mara nyingi katika mabano, huja muhtasari wa vitu vinavyoweza kuwadhuru wenye mzio. Mahali hapo ndipo jicho la haraka huanzia: nyama ya nguruwe ikitajwa hapo, pakiti inarudi rafuni.

Lakini dada huyo alituonya juu ya jambo ambalo wageni wengi hawalijui. Vipo vitu ambavyo sheria inalazimisha vitajwe kwa ajili ya mzio, mfano mayai, maziwa, ngano, njugu karanga, kamba na kaa. Nyama ya nguruwe na jelatini hazimo katika hivyo. Zimo katika orodha ya vinavyopendekezwa tu kutajwa. Basi kuziona kwenye muhtasari ni hoja, ama kutoziona si hoja. Yabidi kurudi juu na kusoma orodha nzima: ladi, yaani mafuta ya nguruwe, shotoningu, mafuta magumu yanayotiwa hata katika boflo, ambayo yaweza kuwa ya mimea au ya mnyama, na dondoo za nyama zinazotiwa katika chipsi na supu. Navyo vyakula vinavyouzwa wazi, mnunuzi akijichotea kwa koleo, havilazimiki kuwa na kibandiko chochote.

Tulilitafakari sana hili. Kibandiko cha Kijapani ni shahidi mkweli, lakini hujibu alichoulizwa. Kimeulizwa juu ya mzio, juu ya asili, na juu ya tarehe; hakikuulizwa juu ya halali. Mjapani hakutuficha kitu. Swali lile ni letu, na sisi ndio wa kuliuliza.

Uzito wa jambo hili uliwaangukia watoto zaidi. Binti mmoja wa miaka minane alikataliwa pakiti za chipsi jioni nne mfululizo, na jioni ya nne machozi yalimlenga. Alisema, "Hapa kila kitu ni hapana." Hatukumkemea, kwa kuwa alisema kweli kwa kadiri alivyoona. Tulimpa kile kikaratasi, tukamwambia kuanzia siku ile yeye ndiye msomaji wetu. Jioni ya tano alisimama mbele ya rafu muda mrefu, akirudisha pakiti moja baada ya nyingine, hadi akaja na moja ya viazi na chumvi. Mama yake aliisoma mara ya pili, akaitia kikapuni. Tangu hapo ndugu zake walimwendea yeye kwanza kabla ya kuja kwetu.

Tulichokila, na tulikokipata

Msidhani tulilala njaa. Mchele, mayai, maziwa, tofu, samaki mtupu, mboga, matunda na viazi vya kuchoma vilitutosha na kusaza. Sosi ya soya nyingi hutiwa kileo kidogo cha kuihifadhi, na katika hilo wanazuoni wamehitilafiana. Sisi tulitafuta isiyotiwa, na kila familia imuulize shekhe wake kabla ya kusafiri. Nyama tuliipata kwa njia nyingine. Karibu na stesheni ya Shin-Okubo kuna uchochoro wenye maduka ya Waislamu wa Asia, wenye nyama iliyochinjwa kisharia, viungo, dengu na tende. Maduka ya Gyomu Super huuza kuku wa kugandishwa kutoka Brazili mwenye alama ya halali. Na pale Tokyo Camii penyewe pana duka la vyakula halali.

Kwa atakayekwenda, ajue pia haya. Tarehe huandikwa kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Zipo tarehe za namna mbili: shohi kigen ni mwisho wa usalama wa chakula, na shomi kigen ni mwisho wa ubora wake. Tangu Julai 2020 mifuko ya plastiki hulipiwa, basi chukueni kikapu chenu. Fedha haziwekwi mkononi mwa mpokeaji, huwekwa katika kisahani. Ukisha kulipa, hutii bidhaa mfukoni papo hapo; wasogea kwenye meza ya kando ukafunga vitu vyako kwa utulivu, ili anayefuata asicheleweshwe.

Na hapa kwetu?

Tumerudi Mombasa na swali moja. Peremende za watoto, mtindi wa vikopo, keki za pakiti na supu za unga zinazojaza supamaketi zetu nyingi hutengenezwa mbali, na nyingine zina jelatini au mafuta yasiyotajwa asili yake. Kibandiko chake kimeandikwa kwa lugha tuijuayo. Je, ni wangapi kati yetu wanaokisoma zaidi ya bei na tarehe? Ugenini tuliogopa, kwa hiyo tulisoma. Nyumbani twajiona salama kwa sababu adhana yasikika kutoka dukani.

Rai yetu ni nyepesi. Wiki hii, mnapokwenda kununua, mwacheni mtoto mmoja awe msomaji wa nyumba. Mpeni maneno matatu ya kuyatafuta: jelatini, shotoningu, na kileo. Akipata lenye shaka, liulizeni kwa wanaojua kabla ya kulila. Mwenyezi Mungu azibariki riziki zetu, azitakase, na awajaalie watoto wetu macho yenye kuona. Amin.