Mwalimu wa Makasia

Katika Kiswahili, mtu aifunzaye timu ya mpira huitwa mwalimu, sawasawa na sisi tushikao chaki. Neno kocha limekwisha kuingia, wala hatuna ugomvi nalo, lakini kandokando ya uwanja bado husikika watu wakiulizana, "Mwalimu kampanga nani leo?" Kwa hiyo hatuoni haya kuleta mbele ya walimu wenzetu habari za mwanamke ambaye darasa lake lilikuwa juu ya maji.

Jina lake ni Carie Graves. Alizaliwa mwaka 1953 katika jimbo la Wisconsin huko Marekani, mahali palipo mbali kabisa na bahari, ambako maziwa huganda kila majira ya baridi hata watu wakatembea juu yake. Alianza kupiga makasia akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, na mwaka 1975 mashua ya wanawake wa chuo hicho ikashinda mashindano ya taifa. Mwaka uo huo alikuwa katika mashua ya Marekani iliyoshika nafasi ya pili katika mashindano ya dunia huko Nottingham, Uingereza, nyuma ya Wajerumani wa Mashariki.

Yafaa tueleze mashua hiyo ni ya namna gani, maana wanafunzi wetu waliokulia ziwani husikia habari hii wakafikiri mtumbwi wa wavuvi. Mvuvi wetu hutumia kafi. Hulishika kwa mikono miwili, halikufungwa popote, naye hutazama mbele aendako. Kasia ni kitu kingine: ni refu, limeshikiliwa ubavuni mwa chombo kwa kishwara, na mwenye kulivuta huketi akiipa mgongo njia yake. Katika mashua ya watu wanane kila mmoja huvuta kasia moja tu, wanne upande huu na wanne upande ule. Na mtu wa tisa, mdogo wa mwili, huketi akiwaelekea, na kwa kawaida ndiye peke yake aonaye mbele. Mwalimu hayumo. Yeye hufuata katika boti ya injini akiwa na kipaza sauti, na siku ya mashindano hata sauti hiyo hana. Mwalimu yeyote aliyepata kusimama nje ya chumba cha mtihani atatambua hali hiyo.

Michezo ya Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976 ilikuwa ya kwanza kuwaruhusu wanawake kushindana kwa makasia. Wanaume walikuwa wakishindana tangu mwanzo wa karne. Wanawake walipangiwa mita 1000, nusu ya masafa ya wanaume, kana kwamba nguvu zao zingekwisha njiani. Masafa hayo hayakusawazishwa katika Olimpiki mpaka Seoul mwaka 1988. Huko Montreal Wajerumani wa Mashariki walipata dhahabu, Warusi na wenzao wa Muungano wa Kisovieti fedha, na mashua ya Graves shaba. Sisi wa Afrika Mashariki tunaikumbuka Montreal kwa sababu nyingine. Uganda, Kenya na Tanzania hazikushiriki, kwa kuwa New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga Afrika Kusini ya ubaguzi. Na John Akii-Bua wetu, bingwa wa mwaka 1972 wa mita 400 za kuruka viunzi, hakupata nafasi ya kuitetea medali yake. Miaka minne baadaye ikawa zamu ya Graves. Serikali ya Marekani ilikataa kupeleka wachezaji Moscow kwa sababu ya majeshi ya Kisovieti yaliyoingia Afghanistan. Mwenzake katika mashua ile ya Montreal, Anita DeFrantz, alikwenda mahakamani kupinga uamuzi huo, akashindwa. Alimradi waliojizoeza miaka minne wakakaa nyumbani, kama wa kwetu walivyokaa.

Graves alingoja. Mwaka 1984, akiwa na umri wa miaka 31, aliketi tena katika mashua ya wanane huko Los Angeles, nao wakawashinda Waromania kwa muda usiozidi sekunde mbili. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa wanawake wa Marekani katika mchezo huo.

Hayo ndiyo yanayoandikwa sana juu yake. Sisi, kwa kazi yetu, tunavutwa zaidi na upande wa pili. Tangu mwaka 1977 alikuwa akifundisha wanafunzi wa kike wa Radcliffe, chuo kilichokuwa pacha wa Harvard, na kazi hiyo aliifanya mpaka 1983 huku yeye mwenyewe akiendelea kujizoeza. Toka 1988 hadi 1998 alifundisha Chuo Kikuu cha Northeastern katika mji wa Boston. Kisha akaitwa Chuo Kikuu cha Texas, ambako timu ya makasia ya wanawake ilikuwa haijaota hata mizizi, akakaa huko mpaka alipostaafu mwaka 2014.

Kilichomfungulia mlango, yeye na maelfu wengine, ni sheria. Mwaka 1972 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya elimu ambayo fungu lake la tisa lilikataza mtu kubaguliwa, kwa ajili ya kuwa mume au mke, katika masomo yanayopata fedha za serikali kuu. Michezo haikutajwa hata kwa neno moja. Basi vyuo vingi vilikaa kimya kana kwamba fungu hilo halikuwahusu. Katika Chuo Kikuu cha Yale wanawake wapigao makasia hawakuwa na mahali pa kuoga: baada ya mazoezi ya baridi kali waliketi ndani ya basi, wamelowa, wakiwangoja wanaume waoge na kuvaa. Tarehe 3 Machi 1976 wanawake kumi na tisa, wakiongozwa na Chris Ernst, waliingia katika ofisi ya michezo, wakavua nguo, na juu ya ngozi zao ilikuwa imeandikwa namba ya fungu lile la sheria. Ernst akasoma tamko lao. Tunajua baadhi ya wasomaji watakunja uso, na malezi yetu pia hayaturuhusu kuwapendekezea wanafunzi njia hiyo. Lakini twamwomba anayekunja uso aketi kwanza saa nzima katika basi lile.

Tunalisema hili kwa uchungu kidogo, maana sheria isiyo na mahali pa kuoga tunaijua. Tulipoanza kufundisha Kiswahili hapa Uganda tulipewa kipindi cha mwisho cha siku, katika chumba kilichokuwa ghala ya majembe, na wanafunzi saba. Katiba ilikuwa imekwisha kurekebishwa mwaka 2005 na kukitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mkuu wa shule alituambia kwa upole kwamba watoto wenye akili wanasoma Kifaransa. Wazazi nao waliuliza kwa nini mtoto wao afundishwe lugha ya askari. Mwaka 2020 mtaala mpya ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika vidato viwili vya mwanzo, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likatoa uamuzi wake. Tukapata madarasa yaliyojaa. Vitabu, kimoja kwa watoto sita.

Hapo ndipo kazi ya mtu kama Graves hutufaa kuitazama. Vyuo vya Marekani vyenye timu kubwa za mpira wao wa miguu vilitafuta mchezo wa kike unaohitaji watu wengi, ili hesabu ya wanawake ikaribie ya wanaume. Na makasia yakafaa, kwa kuwa mashua moja tu hubeba tisa. Mwaka 1997 yakaanza mashindano ya vyuo vyote kwa wanawake, ambamo kila chuo huleta mashua mbili za wanane na moja ya wanne. Ila watu hao walitoka wapi? Wengi hawakuwahi kushika kasia. Walimu walisimama penye njia za wanafunzi wapya mwanzoni mwa mwaka, wakimwita kila msichana mrefu mwenye mabega, aliyekuwa akicheza wavu au kuogelea au hachezi chochote, wakimwambia aje kesho kabla ya jua. Kesho kabla ya jua wengi hawaji. Wanaokuja hufundishwa namna ya kuketi, namna ya kuingiza ubapa wa kasia majini pamoja na wenzao saba, na siku nyingi hupita kabla mashua haijakwenda wima. Wasiofundisha wanaoanza hawajui jinsi kazi hiyo isivyo na shangwe.

Na mavuno mara nyingi huwa ya mwingine. Texas haikutwaa ubingwa wa vyuo siku za Graves. Iliutwaa mara ya kwanza mwaka 2021, chini ya mwalimu aliyempokea, kisha tena 2022 na 2024. Graves alifariki Desemba 2021, kwa hiyo ule wa kwanza ulimkuta yu hai.

Nyumbani kwetu kandokando ya Ziwa Viktoria, mwanamke kuingia katika mtumbwi wa uvuvi kumekuwa mwiko wa tangu zamani. Husemwa kwamba samaki watakimbia. Wako wanawake wenye kumiliki mitumbwi kadhaa ambao hawajapata kukanyaga hata mmoja ukiwa majini. Hata hivyo mpiga makasia wa kwanza wa Uganda katika Olimpiki, huko Tokyo mwaka 2021, alikuwa mwanamke: Kathleen Noble, mzaliwa wa Kampala, aliyejifunza makasia chuoni Princeton. Tulipowasomea kidato cha pili habari hiyo, msichana mmoja, binti wa mvuvi, aliuliza kama samaki wa Tokyo hawakukimbia. Darasa likacheka, naye hakucheka; alitaka jibu. Tukamwambia amwulize baba yake, kisha aje atusimulie kwa Kiswahili. Alikuja na kurasa mbili.

Katika kuandaa somo hilo tulikwama penye neno moja. Huyo mtu wa tisa, anayeongoza mashua na kuhesabu mapigo, tumwite nani? Nahodha ni mkubwa mno kwake, na rubani amekwisha kupaa angani. Wanafunzi walichagua msukani. Sisi twapendelea mshika shikio, ingawa mwenzetu mmoja kutoka Mombasa asema kwao sarahangi lingefaa zaidi. Wasomaji wa pwani watuandikie.