Nani Anajua Kupiga Gitaa?

Nyumbani kwa mjomba wangu, huku Katuba, Lubumbashi, kila Jumapili baada ya chakula ubishi ni uleule. Mjomba anatetea Pink Floyd. Mtoto wake wa kwanza, ambaye mimi namwita Yaya, anatetea Ramones. Kwa miaka miwili nimekaa katikati yao kama mwamuzi ambaye hakuna aliyemwita.

Albamu ya Mjomba ni The Dark Side of the Moon, iliyotoka Machi 1973. Kasete yake aliinunua Kitwe, siku zile alipokuwa dereva wa lori la kwenda Zambia. Anachokisifu ni kazi iliyofanywa. Pink Floyd waliirekodi katika studio za Abbey Road, London, kuanzia katikati ya 1972 hadi mwanzoni mwa 1973. Ina nyimbo 10 katika dakika kama 43, nazo zimeshikana: wimbo mmoja haujaisha, mwingine umekwisha kuingia. Mjomba hunigeukia mimi mwanafunzi wa lugha na kusema kwamba ukitoa wimbo mmoja umekata sentensi katikati. Yaya akiifungua kwenye simu na kuacha nyimbo zichanganyike ovyo, Mjomba huchukua kiti chake akatoka nje.

Ya Yaya inaitwa Ramones tu, jina la kundi lenyewe, Aprili 1976, New York. Ina nyimbo 14 katika dakika kama 29, zilizorekodiwa kwa siku chache na kwa dola 6,400. Yaya anasema uzuri wake uko hapo hapo: kijana asiye na pesa wala mwalimu aliweza kuisikia leo, na kesho akaanzisha kundi na wenzake. Huuliza, ni nani aliyewahi kusikiliza kasete ya Mjomba akasema, hata mimi naweza?

Jibu la Mjomba halibadiliki: “Aba batu habayue kupika gitare. Na beko na haraka ya kuenda wapi?”

Mimi nilikuwa upande wa Mjomba. Tangu niingie kitivoni nimependa vitu vilivyopangwa vizuri, na mwaka huu nilijiwekea sharti la kusema Kiswahili sanifu kila mahali, hata sokoni, hata kwenye basi. Katika bidii hiyo nikamkosea mama yangu. Yeye yuko Likasi. Siku moja aliniambia kwenye simu kwamba batu ba kanisa banauliza habari yangu. Nikamkatiza: “Si batu, mama. Ni watu.” Akanyamaza. Kisha akasema ameacha chungu motoni, akakata. Tangu siku hiyo simu zake zikawa fupi: salamu, afya, kwaheri. Nilidhani ni bei ya vocha.

Jumapili moja Yaya alichoka na maneno. Akaleta gitaa, akalitia mikononi mwa baba yake, ambaye ujanani alipiga katika baa za Kamalondo. Akamwambia: kama habayue, basi wewe unayejua utupigie. Akamkumbusha sharti: Johnny Ramone alipiga nyuzi kwa kushuka chini tu, karibu bila kurudisha mkono juu, kwa kasi ileile mwanzo hadi mwisho. Vidole vya Mjomba vilipata mahali pake mara moja, maana si mahali pengi. Lakini wimbo ulikuwa wa dakika mbili, na kabla haujafika nusu, kifundo cha mkono kilimshinda. Akacheka, akaliweka gitaa chini. “Iko kazi,” akasema.

Hakukubali kwamba Yaya ameshinda. Alikaa akijikanda mkono, na bila kunitazama akaniambia: “Dada anasema anaogopa kusema na weye.”

Dada yake ndiye mama yangu.

Usiku ule sikulala vizuri. Tulichokiita kutojua kilikuwa na kanuni zake, na kanuni hizo zilimshinda mpiga gitaa wa miaka mingi. Jambo hili nililisoma mwaka wa kwanza, tena nikalipatia alama nzuri. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, ba- si wa- iliyoharibika. Ukisema “batu bale banaimba”, upatanisho umekamilika, kila kiambishi kiko kazini, na majirani zetu wa Kibemba na Kiluba wana ba- hiyohiyo. Niliyaandika hayo kwenye karatasi ya mtihani. Mbele ya mama yangu nikayasahau.

Sijahamia upande wa Yaya. Bado naipenda zaidi kasete ya Mjomba, na bado naamini kazi kama ile haimalizwi kwa siku chache. Kiswahili sanifu nacho nakihitaji; ndicho ninachoandikia hapa. Ila sitaki tena kuuliza nani anajua na nani hajui kabla sijauliza mtu alikuwa anataka kufanya nini.

Wenye muziki wenyewe walivuka mpaka huo mapema. Johnny Rotten wa Sex Pistols alivaa fulana ya Pink Floyd aliyoiandikia kwamba anawachukia. Lakini mwaka 1977, The Damned, waliotoa albamu ya kwanza ya panki Uingereza, walipotengeneza ya pili, msimamizi wao alikuwa Nick Mason, mpiga ngoma wa Pink Floyd. Nilipolileta hili mezani, Mjomba aliuliza Mason alifuata nini kule, na Yaya akauliza The Damned walikubali kwa nini. Kwa mara ya kwanza walikasirika pamoja.

Jioni hiyo nikampigia mama. Aliongea polepole, akichagua maneno, kama mtu anayepita kwenye matope. Akasema watu wa kanisa wanauliza habari yangu. Alisema “watu”.

Nikamjibu: “Mama, baambie batu ba kanisa niko muzuri.”

Alikaa kimya kidogo. Kisha akaanza kunihadithia juu ya jirani, na mbuzi, na ukuta ulioanguka, mpaka vocha yangu ikaisha.