Samaki Mmoja na Tenga Lake

Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote wameoza, na methali hii imetumika kuhalalisha mambo mengi, tangu kumfukuza mwanafunzi shuleni hadi kuwatenga jamaa wa mgonjwa. Mimi nimeanza kuitazama kwa jicho jingine tangu nilipofuatilia habari za kulungu wa nchi za kaskazini, wale ambao wasomaji wa Zaburi wanawajua kwa jina la ayala.

Ugonjwa unaowasibu ulionekana kwanza mwaka 1967 huko Colorado, Marekani, katika kituo cha utafiti. Mnyama hukonda, hutokwa na udenda, huinamisha kichwa, na mwisho hufa. Hauletwi na bakteria wala virusi, bali na protini iliyopinda, iitwayo prioni, ambayo huharibu ubongo. Hauna dawa wala chanjo. Lililo baya zaidi, mate, mkojo na kinyesi cha mgonjwa huacha sumu hiyo udongoni, ikakaa humo kwa miaka.

Ulipogunduliwa Wisconsin mwaka 2002, wakuu wa wanyamapori walifikiri kama wengi wetu tungefikiri: kulungu ni wengi mno, wamebanana, basi na wapunguzwe. Misimu ya kuwinda ikarefushwa, na katika eneo lenye ugonjwa ikaamuliwa wamalizwe kabisa. Lakini wenye mashamba wengi walikataa, wawindaji wakachoka, na baada ya miaka michache lengo hilo likaachwa. Jimbo jirani la Illinois, lililoupata ugonjwa mwaka huohuo, liliendelea kuwapunguza kulungu pale tu walipoonekana wagonjwa. Kwa miaka mingi ugonjwa ulienea huko polepole kuliko Wisconsin.

Hapa ndipo hesabu ya wingi inapokuwa ngumu. Kulungu hawakai mwituni kwa mistari kama mahindi shambani. Jike hutembea na binti zake, hulala nao na kulambana nao. Ukiua nusu ya kulungu wa wilaya nzima, waliobaki bado watakutana kwenye chumvi ileile na kwenye rundo lilelile la chakula walichomwagiwa na binadamu. Kupunguza idadi si lazima kuwe kupunguza makutano.

Norwei ilichukua njia kali zaidi. Ugonjwa ulipoonekana mwaka 2016 kwa kulungu wa theluji wa Nordfjella, serikali iliamua kundi lote la eneo hilo liuawe. Kufikia mwaka 2018 wanyama wapatao 2,000 walikuwa wamekwisha. Waliothibitishwa kuwa wagonjwa walikuwa 19. Mwaka 2020 ugonjwa ukaonekana Hardangervidda, nyanda za jirani.

Sithubutu kuwalaumu. Kungoja nako kungeweza kugharimu makundi mengine. Hata hivyo, kila nikiitazama ile 19 kando ya ile 2,000, moyo hauniachi nikae kimya.

Sisi tuliwahi kubahatika zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000. Ng'ombe wa wafugaji wa jirani walipochanjwa, sotoka ikatoweka kwa nyumbu pia, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walizidi milioni moja. Hakuna nyumbu aliyeuawa ili kundi lipone. Dawa ilikuwa kwa ng'ombe, yaani kwa kile ambacho binadamu alikileta karibu yao.

Hilo ndilo ninalolishika. Samaki wa methali hakujitia mwenyewe tengani. Alitiwa na mvuvi. Huko Nordfjella, kulungu walikuwa wakikusanyika kwenye chumvi iliyowekwa kwa ajili ya kondoo. Huko Marekani, watu wamewamwagia chakula, wamewafuga ndani ya ua, na wamewasafirisha kutoka jimbo hadi jimbo. Huenda bunduki isiepukike siku nyingine. Lakini kabla ya kuhesabu samaki wa kutupa, ni haki tuulize nani alilisuka tenga, na kama yuko tayari kulifumua.