Sili za Malaba na Programu Zilizojua Kulala

Vijana wanaotoka Sigalame, huko Samia karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, kwenda kwenye vituo vya mpakani vya Busia au Malaba huiona sili ya kielektroniki kwenye mlango wa kontena wakaidhani ni kufuli tu, ilhali ndani yake mna kompyuta ndogo, betri, kipokezi cha setilaiti na redio ya simu, vyote vikitegemea aina ya programu ambayo historia yake imeanza kusahaulika.

Kabla ya sili hizo kuenea, miaka mingi kabla ya mfumo wa pamoja wa Kenya, Uganda na Rwanda wa kufuatilia mizigo kuanzishwa mwaka 2017, usalama wa shehena ulitegemea zaidi karatasi. Foleni ya Malaba ilinuka dizeli, breki zilizopata moto, vumbi na omena, na maajenti wa forodha walikimbia dirisha hadi dirisha wakiwa na bahasha za kaki kwapani, huku madereva wakilala chini ya matrela na matingo wakichemsha chai kando ya magurudumu.

Wakati huo huo, mbali na foleni hiyo, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kulizaliwa mfano wa aina hiyo ya programu: TinyOS, mfumo endeshi, yaani programu kuu inayogawa kazi, kumbukumbu na umeme wa kifaa. Wengine huutaja mwaka 1999, wengine 2000, na tofauti hiyo haina uzito. Ulitumika katika vihisi visivyo na waya, ambavyo hupima joto au mwendo na kupashana habari kwa redio. Kihisi cha Mica2 kilikuwa na kilobaiti 4 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi na betri mbili ndogo, hivyo programu ilingoja tukio, ikalishughulikia, kisha ikarudi kulala. Kenya yenyewe ilishuhudia fikra hiyo Januari 2004, watafiti wa Princeton walipowavisha punda milia wa Laikipia kola zilizoendeshwa na programu iitwayo Impala, zikapokezana rekodi za safari wanyama walipokutana.

Nayo Contiki, mfumo endeshi wa Adam Dunkels, ilivipa vifaa vya aina hiyo intaneti, ikafuatwa na mifumo mingine kama RIOT na Zephyr. Inasikitisha kwamba wingi wa kumbukumbu umelegeza nidhamu ile, hata redio ikaamshwa bila haja na betri ikafa njiani. Wanafunzi wa Samia wanastahili kufunzwa kuandika programu ya kilobaiti chache kabla ya kukabidhiwa mashine kubwa, kwa kuwa mpaka huu, ambako umeme hukatika na simu hudakwa na mtandao wa Uganda, bado unahitaji vifaa vinavyojua kungoja.