Boston: Miti mifupi isiyoacha kurefuka

Kutoka kituo cha treni cha Forest Hills, jijini Boston, Marekani, ni mwendo mfupi wa miguu hadi bustani ya miti ya Arnold Arboretum. Hakuna kiingilio. Bustani huwa wazi kila siku, na wazazi hupita humo wakisukuma vigari vya watoto. Ilianzishwa mwaka 1872, iko chini ya Chuo Kikuu cha Harvard, na ina ukubwa wa hekta zipatazo 114.

Wageni wengi huja kuona maua. Lakini mzazi anayefikiria kupanda karibu na mlango wa nyumba yake kimti cha kijani kibichi, kile chenye umbo la mti wa Krismasi, atajifunza zaidi akianzia kwenye banda la miti iliyopandwa vyunguni.

Humo mna misaipresi ya Kijapani iliyoletwa na Larz Anderson, aliyekuwa balozi wa Marekani nchini Japani, mwaka 1913. Mmoja wao ulianza kukuzwa mwaka 1737. Kwa karibu miaka 290 umeishi kwenye chungu, ukipogolewa matawi na mizizi na kubadilishiwa udongo, watunzaji wakipokezana kizazi baada ya kizazi. Majira ya baridi yakifika, huhamishiwa kwenye chumba chenye joto la juu kidogo tu ya nyuzi sifuri, usigande wala usichipue mapema.

Mgeni hutoka bandani akiwa ameelewa jambo moja: mti haubaki mdogo kwa sababu tu ulinunuliwa ukiwa mdogo.

Waliuona wakisubiri treni

Mti mfupi unaojulikana zaidi katika bustani za nyumbani za Marekani na Ulaya una uhusiano na Arboretum hii. Mwaka 1904, wataalamu wake wawili, Alfred Rehder na John George Jack, walikuwa katika milima ya Alberta, Kanada, karibu na kituo cha reli cha Laggan, mahali panapoitwa leo Lake Louise. Inasimuliwa kwamba walikuwa wakisubiri treni, wakaamua kutembeatembea. Katikati ya miti mirefu ya sprusi nyeupe wakaona miche yenye umbo la pia iliyogeuzwa, majani yakiwa laini na yamesongamana.

Waliichukua hadi Boston. Kutokana nayo ukapatikana mti uitwao Picea glauca ‘Conica’, ambao sasa huuzwa hata kwenye maduka makubwa wakati wa Krismasi.

Miti mingine mifupi hupatikana kwa njia tofauti. Mti mrefu wa kawaida hutoa fundo la vitawi vilivyosongamana, ambalo Wazungu wa zamani waliliita ufagio wa wachawi. Mtaalamu hukata kitawi humo, akakiunganisha kwenye shina la mti mwingine, na mara nyingi hupata mti unaokua taratibu.

Ufupi wake ni mwendo wa polepole

Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Kwa wakuzaji, mti wa namna hii huitwa mfupi kwa sababu hurefuka kati ya sentimita 2.5 na 15 tu kwa mwaka. Urefu unaoandikwa kwenye lebo ya dukani kwa kawaida ni ule wa mti wenye miaka 10. Siku ya kutimiza miaka 10 mti hausimami. ‘Conica’ ukifika miaka 30 unaweza kuwa na mita 3.

Basi mti uliopandwa hatua moja kutoka dirishani siku moja utaziba mwanga wa chumba cha watoto. Kuukata sana hakusaidii, kwa kuwa miti mingi ya jamii hii haichipui tena kwenye tawi la zamani lisilo na majani. Unabaki na pengo, kisha unang’olewa. Swali la kumuuliza mwenye kitalu ni hili: unarefuka kiasi gani kwa mwaka? Jibu lizidishwe kwa miaka 20, ndipo shimo lichimbwe.

Shimo lenyewe liwe mahali pasipotuama maji, na shina lisifukiwe kupita usawa lililokuwa nao kwenye chungu. Miaka miwili ya kwanza mti umwagiliwe kila ardhi inapokauka. Tawi moja likichomoka kwa kasi, na majani yake ni makubwa kuliko ya mengine, likatwe mara moja pale lilipoanzia. Hiyo ni asili ya mti mrefu inarudi, na ikiachwa itaumeza mti mfupi.

Wakati wa joto na ukavu, utitiri mwekundu huufanya uwe na rangi ya kahawia. Kuukagua ni kazi ambayo watoto huipenda: karatasi nyeupe hushikwa chini ya tawi, tawi hugongwa, na vinukta vikitembea, ni utitiri. Maji yanayorushwa kwa nguvu kutoka kwenye mpira huupunguza.

Tahadhari kwa wenye watoto wadogo

Kwenye vitalu hivyo hivyo huuzwa mti wa Taxus, nao ukiwa na aina fupi. Una tunda jekundu la kuvutia. Nyama yake ya nje haina sumu, lakini mbegu na majani yana sumu inayoweza kusimamisha moyo. Mtoto akitafuna, apelekwe hospitali mara moja, pamoja na kitawi cha mti huo. Nyumba yenye mtoto anayetambaa ni heri iukose.

Kwa Njombe, Lushoto na Limuru

‘Conica’ huhitaji majira ya baridi kali, hivyo haufai Dar es Salaam wala Mombasa. Nyanda za juu zina saipresi na mtarakwa, mti wa asili ya Afrika na pekee wa jenasi ya Juniperus unaoota wenyewe kusini mwa ikweta. Lakini hiyo si miti mifupi hata kidogo. Mche wa mtarakwa ulio kwenye kopo unaweza kupita mita 30, na ua wa saipresi usipokatwa mara kwa mara hugeuka msitu.

Mtoto wa miaka minne, mwenye urefu wa mita moja, akipanda leo kimti cha sentimita 30 kinachorefuka sentimita 7 kwa mwaka, atakiacha nyuma utoto wake wote. Miaka 20 baadaye, akirudi nyumbani akiwa na miaka 24, kitakuwa na sentimita 170. Watatazamana uso kwa uso, iwapo wazazi walikipa nafasi ya kutosha.