Mita 400 za Uwanja wa Mkapa

Leo nina jambo la kukiri.

Tangu nianze kuandika habari za michezo nimeingia Uwanja wa Benjamin Mkapa mara nyingi mno. Nimeandika kuhusu nyasi, taa, mageti, foleni za tiketi, hata vyoo. Uwanja unachukua watu 60,000, na nadhani nimekaa karibu kila upande. Ila sijawahi kuandika hata sentensi moja kuhusu ile njia ya riadha inayozunguka nyasi. Nikiitaja ni kuilalamikia, kama mashabiki wengine, kwamba inatuweka mbali na mpira.

Na mimi, jamani, nilikuwa mkimbiaji! Mita 1500, kiwanja cha vumbi, mistari ya chokaa inayofutika kabla ya fainali. Uwanja ulipoanza kutumika mwaka 2007 nilikuwa shule ya msingi, nikakata picha yake gazetini na kuibandika ukutani. Si kwa ajili ya magoli. Mwalimu wetu wa michezo hakuchoka kutusimulia Filbert Bayi, Christchurch 1974, aliyeongoza toka mwanzo mpaka mwisho na kuweka rekodi ya dunia, dakika 3 na sekunde 32.2. Mimi nilitaka ile njia.

Basi Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu wa Singida akashinda marathoni ya ubingwa wa dunia kule Tokyo. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Baada ya kilomita 42 yeye na Mjerumani Amanal Petros waliingia uwanjani, Petros mbele, Simbu akamkamata mstarini kabisa. Tofauti: sekunde 0.03. Ofisini mhariri akauliza nani anaijua riadha vizuri. Nikainamia kompyuta yangu.

Ile aibu ilinikaa. Siku moja, mkesha wa mechi, timu ngeni ikifanya mazoezi, nilishuka Uhasibu mapema nikaingia na kitambulisho changu. Nikasimama kwenye njia ya ndani, ile yenye mita 400 kamili. (Mnaoshangaa kwa nini wakimbiaji wa mzunguko mmoja huanza wamepishana kama ngazi: njia ya nane inaizidi ya kwanza kwa zaidi ya mita 50.) Mzee mmoja wa usafi akanitazama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umepoteza kitu?"

Nikamwambia natafuta mstari wa kumalizia. Akanionyesha kwa fagio, bila kuuliza zaidi, kisha akakubali kunishikia mkoba.

Nilikimbia na viatu vya ofisini. Mita 100 za kwanza nilijiona Bayi kabisa. Kona ya pili pumzi ikagoma, nikamalizia kwa kutembea, wachezaji wa akiba wakinipigia makofi ya kejeli. Mzee hakucheka. Alisema nimeanza kwa pupa, na hapo alikuwa sahihi kuliko kocha wangu wa zamani.

Nimemwomba mhariri ukurasa mmoja wa vijana wanaokimbia hapa mjini: wanafanyia wapi mazoezi, saa ngapi, kwa nauli ya nani. Amesema tuone baada ya dabi.